Vumbi Wanalolilinda Waitaliano

Neno 'barabara' ni la ajabu katika Kiswahili. Likiwa nomino, ni njia pana ipitwayo na watu na vyombo. Likiwa kielezi, maana yake ni sawasawa, vilivyo, pasi na kasoro. Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza hupenda kuufanyia mzaha ushirika huu wa maana, hususan nyakati za masika, wanaporejea kutoka makwao viatu vikiwa vimegubikwa na matope. "Mwalimu," mmoja wao aliniuliza, "ile ya kwetu tutaiitaje barabara ilhali haiko barabara?" Darasa likaangua kicheko. Nami nilicheka, ila swali lile lilinikaa moyoni, kwa sababu juma lilo hilo wazee wa kijijini kwetu, viungani mwa Kimilili, walikuwa wamenituma niwaandikie barua ya kuomba lami.

Barua hiyo nitairejelea. Kwanza sharti nimpeleke msomaji Italia, kwa watu wanaoikataa lami hiyo hiyo tunayoililia.

Kati ya miji ya Siena na Florence, katika jimbo la Toscana, kuna vilima viitwavyo Chianti, vilivyofunikwa kwa mizabibu na mizeituni. Humo hupita njia nyembamba zenye weupe wa mawe ya chokaa yaliyopondwa. Wenyeji huziita strade bianche, yaani barabara nyeupe. Mwanaisimu hawezi kulipita neno hilo bila kusimama. Strada limetokana na Kilatini, via strata, njia iliyotandikwa mawe. Kwa hiyo Mwitaliano anayekuonyesha njia ya vumbi tupu anaitaja kwa neno lililoanza maisha yake likimaanisha njia iliyofunikwa. Naona si sisi pekee tuitao barabara kisicho barabara.

Njia hizo hazikuchongwa kwa ajili ya michezo. Kwa karne nyingi Toscana ilitawaliwa na utaratibu wa ukulima ulioitwa mezzadria: mkulima alilima shamba la bwanyenye, akaishi humo na jamaa yake, na mavuno yalipokomaa akamkabidhi nusu. Nyumba za wakulima zilitapakaa juu ya vilima, na njia zikazifuata huko huko ziliko. Zilipitisha zabibu na ng'ombe, maharusi na majeneza. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, vijana wakaanza kutorokea viwandani. Mwaka wa 1964 sheria ikapiga marufuku mikataba mipya ya namna ile. Nyumba nyingi zikabaki tupu. Na njia isiyo na mpitaji haina maisha marefu: ama nyasi huimeza, ama siku moja huja mtu na pipa la lami akaifanya kitu kingine kabisa.

Hapo ndipo anapoingia Giancarlo Brocci, mwenyeji wa mji mdogo wa Gaiole in Chianti. Mwaka wa 1997 aliwaalika watu waje na baiskeli za zamani wazipite njia zile nyeupe kwa siku moja. Shughuli hiyo aliiita L'Eroica, ya kishujaa. Waliojitokeza walikuwa 92. Siku hizi huja maelfu kila Oktoba, kutoka pembe zote za dunia, na safari ndefu kuliko zote hufika kilomita 209. Mashindano hayamo; hakuna atangazwaye mshindi. Masharti ndiyo yaliyo makali. Baiskeli iwe imeundwa kabla ya 1987, vijiti vya kubadilishia gia viwe kwenye bomba la fremu na si kwenye usukani, waya za breki zionekane nje, na miguu ifungwe kwa mikanda juu ya pedali. Waendeshaji huvaa fulana za sufu kama alizovaa Gino Bartali, aliyeshinda Tour de France mwaka wa 1938 na tena 1948, enzi ambazo vumbi na changarawe vilikuwa sehemu ya kazi ya kila mwendesha baiskeli. Vituoni hawapewi vidonge wala maji ya rangi. Hupewa mkate uliomiminiwa mafuta ya zeituni, supu nzito ya mboga na maharagwe, na mvinyo kwa atakaye.

Yaweza kudhaniwa kwamba huu ni utoto wa watu walioshiba. Nilidhani hivyo pia, hadi mwaka wa 2019 nilipokuwa Siena kwa kongamano la wanaisimu na nikapata alasiri moja ya mapumziko. Nilikodi baiskeli ya changarawe, nikaelekea Gaiole na kuupanda mlima wa kasri la Brolio, ambao washiriki wa L'Eroica huupanda alfajiri na mapema, njia ikiwa imewashiwa mishumaa kandokando. Mimi niliupanda jua likichoma. Mwenye duka alikuwa amenipunguzia upepo matairini mbele ya macho yangu, nami nikadhani ananipunja. Kumbe tairi lililojaa upepo likikutana na jiwe huruka, na lililolegea kidogo hulikumbatia jiwe na kusonga mbele. Mikono nayo sharti ilegee, na breki ya mbele isikamatwe ghafla kwenye mteremko, la sivyo utaubusu mchanga.

Ilikuwa katika mteremko huo nilipomkumbuka marehemu baba. Alikuwa na ile baiskeli nzito nyeusi ambayo Afrika Mashariki nzima iliipa jina Black Mamba, isiyo na gia hata moja, yenye breki za vyuma badala ya waya. Kila asubuhi aliifungia nyuma mitungi ya maziwa na kunikalisha mimi mbele, kwenye bomba. Matairi yake yalikuwa ya inchi 28 kwa moja na nusu, ambayo kwa vipimo vya leo ni kama milimita 40. Unajua mwenye duka wa Gaiole alinipa matairi ya upana gani? Milimita 40! Viwanda vilikuwa vimetumia miaka mingi kuyakondesha matairi ya mashindano hadi milimita 23, kisha vikarudi taratibu pale pale alipokuwa baba yangu na maziwa yake, na kutoza bei ambayo ingemnunulia ng'ombe.

Jina la njia zile limevuma zaidi kwa sababu ya mashindano ya kulipwa yaitwayo Strade Bianche, yaliyoanza mwaka wa 2007 na ambayo hukomea katika uwanja wa kale wa Siena, Piazza del Campo. Wanawake wana yao tangu 2015. Fabian Cancellara wa Uswisi aliyashinda mara tatu, na sehemu moja ya changarawe, Monte Sante Marie, ikapewa jina lake. Mwaka wa 2024, Tadej Pogačar wa Slovenia aliwaacha wenzake zikiwa zimesalia kilomita 81 na hawakumwona tena. Lakini siku ninayoipenda mimi ni ya Mei 2010, mashindano ya kuizunguka Italia yalipopitishwa katika njia hizo kuelekea Montalcino na mvua ikanyesha. Cadel Evans wa Australia alishinda akiwa amevaa fulana ya bingwa wa dunia, yenye mistari ya rangi tano, ila hakuna aliyeweza kuiona hata rangi moja. Wote walikuwa wa kahawia. Mtoto yeyote aliyesomea Bungoma angeitambua sare hiyo.

Na hapa sharti niwe mkweli. Nilipokuwa nikisukuma pedali kule Brolio, nilizipita nyumba za mawe za wakulima wa zamani. Nyingi sasa ni nyumba za wageni, zina mabwawa ya kuogelea. Je, mkulima aliyemtoa mgonjwa kitandani na kumpitisha katika matope yale usiku wa manane angesimama leo kuitetea changarawe? Sidhani. Njia zile zilianza kupendwa baada ya waliozihitaji kwenda zao. Ni rahisi kulipenda vumbi ambalo si wewe unayelifua.

Hata hivyo, Brocci alitambua jambo ambalo sisi hulikosea. Njia hizo hazikulindwa kwa kuachwa. Njia ya changarawe ina mgongo katikati ili maji yateremke pembeni, ina mitaro inayozibuliwa, na hupitiwa na greda mara kwa mara, maana mwaka mmoja wa uzembe huigeuza korongo. Siku nzuri ya barabara nyeupe ni zao la kazi, sawa na siku nzuri ya lami. Katika usemi wetu, 'barabara ya vumbi' na 'barabara iliyosahauliwa' ni kitu kimoja, na hilo limetufanya tusiweze hata kufikiria udongo uliotunzwa.

Wapo Wakenya waliokwisha kufikiria. Tangu Juni 2021, mashindano ya baiskeli za changarawe yaitwayo Migration Gravel Race yamefanyika katika eneo la Maasai Mara, ambapo vijana wa Afrika Mashariki hupimana nguvu na mabingwa kutoka ng'ambo kwa siku nne. Nahodha wa timu ya Amani, Suleiman Kangangi, alikuwa miongoni mwa waliouonyesha ulimwengu kwamba mwana wa nchi hii aweza kuanzia kwenye njia za namna hii akafika mbali. Tarehe 27 Agosti 2022 alianguka na kuaga dunia katika mashindano ya Overland, yapitayo kwenye barabara za udongo za jimbo la Vermont, Marekani, ambako zaidi ya nusu ya barabara hazijatiwa lami hadi leo. Alikuwa na umri wa miaka 33. Simtaji ili kuupamba mchezo huu. Ni mchezo unaodai.

Basi turudi kwenye barua. Nilipomweleza baba mdogo, ambaye ndiye msemaji wa wazee, habari za Gaiole, alinisikiliza hadi mwisho kisha akaniuliza, "Hao Wazungu, mwanangu, nyuma ya baiskeli zao huwa wamebeba nini?"

"Hawabebi kitu, baba."

"Haya."

Nikaandika kuomba lami. Nisingeweza kuandika vinginevyo, na kina mama wa kijiji bado hubebwa kwa machela hadi barabara kuu wanaposhikwa na uchungu. Ila niliongeza aya mbili. Ya kwanza ilitokana na lililotokea kata jirani, ambako mkandarasi aliitandaza lami hadi ukingoni mwa mtaro, asiwaachie waendao kwa miguu wala kwa baiskeli hata hatua moja, na mwanafunzi wa darasa la saba akavunjika mguu kwa kulikwepa lori. Tuliomba kando ipanuliwe. Aya ya pili iliomba njia ya zamani ya mgongoni mwa kilima, ile yenye mikuyu, iendayo shuleni, isizibwe wala kugawiwa kama ploti, bali izibuliwe mitaro na kumwagiwa changarawe kila mwaka, watoto wapate mahali pa kuendeshea baiskeli pasipo malori.

Baba mdogo alitaka nimsomee mara mbili. Ile ya kando ya barabara aliipitisha bila neno. Kwenye ya mikuyu alininyoshea kidole, kwa kuwa mahali fulani nilikuwa nimeandika kwamba twaomba 'njia yetu ya vumbi' ihifadhiwe.

"Futa hapo, uandike changarawe," akasema. "Mkubwa akisoma kwamba tunaomba vumbi, atatupa hilo tu."