Bahari Iliniumbua

Mchumba wangu alitaka Jumamosi ya kulala tu. Mimi, mtu wa sifa, nikalipia viti viwili kwenye boti ya kuvua, zile ambazo watu kumi msiojuana mnachangia safari na kila mtu anapewa mshipi wake. "Mimi mtoto wa pwani, bwana," nilimwambia. Nimekulia Dodoma!

Ilikuwa Agosti, upepo wa kusi unavuma. Tuliondoka Msasani saa kumi na mbili asubuhi, maji yametulia, tunapigana picha. Kuzunguka Bongoyo na Mbudya hairuhusiwi kuvua. Ni hifadhi za bahari tangu 1975. Basi nahodha akapitiliza mpaka nje ya visiwa, kwenye mkondo wa Zanzibar, na huko ndiko mambo yalipobadilika. Boti inapanda, inashuka, harufu ya dizeli na ngisi wa chambo imejaa puani. Kufika saa tatu nilikuwa nimeinamia ukingo, nawalisha samaki chapati zangu za asubuhi.

Baharia mmoja akaniambia nisitazame sakafu wala ndoana, nitazame mbali, pale mbingu na maji vinapokutana. Alikuwa sahihi: sikio la ndani linasema unayumba, macho yaliyoganda sakafuni yanasema umetulia, na tumbo ndilo linalolipia ubishi huo. Vidonge? Nilimeza nikiwa tayari hoi. Vinamezwa kabla hujapanda, jamani.

Na bibie? Kazaliwa Ukerewe, binti wa mvuvi. Nilijua, ila nilijidanganya kwamba ziwa si bahari. Mshipi wenye chubwi aliushusha mpaka chini kabisa, akaupandisha kidogo, akatulia akisikiliza kwa kidole. Changu watatu. Halafu chewa mmoja aliyemfanya nahodha apige mluzi. Watu wakaanza kumwomba ushauri, mimi wananipa mfuko wa plastiki.

Sijui ni kichefuchefu au aibu. Nikamwambia palepale, kwa sauti ya mgonjwa, kwamba pesa ya boti niliichota kwenye akaunti yetu ya harusi.

Hakugeuka. "Najua. Salio nililiona Jumatano. Nilikuwa nasubiri uniambie."

"Umekasirika?"

"Sana. Hebu shika hapa, kuna kitu kinavuta."