Vazi la Ubao wa Tanga Katika Maji Baridi
Katika Bahari ya Kaskazini, ambako maji ya pwani ya Uholanzi hushuka hadi nyuzijoto 5 hivi mwezi Februari, mchezaji wa ubao wa tanga huchagua kati ya vazi la neopreni, yaani mpira laini wenye vipovu vya gesi, linaloruhusu maji kidogo kuingia na kupashwa joto na mwili, na vazi kavu, linalozuia maji shingoni na kwenye vifundo vya mikono, lakini ambalo, likiwa la kitambaa chembamba, halihifadhi joto bila nguo za ndani. Neopreni inayobana yenye unene wa milimita 5 hufaa zaidi kwa wengi, kwa kuwa vazi kavu likichanika hujaa maji. Glavu nene ndizo tatizo hasa, kwani humlazimisha mchezaji kukaza mno vidole kwenye fimbo ya tanga, mikono ikachoka upesi.