Stata ikigoma, pima kwanza kabla ya kununua nyingine

WAMILIKI wengi wa magari madogo wanaifahamu hali hii: ufunguo unazungushwa asubuhi, unasikika mlio mmoja mkavu chini ya boneti, kisha kimya. Majirani huitwa kusukuma, fundi hupigiwa simu, na kabla ya saa sita mchana mwenye gari yuko kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani au Kariakoo, Dar es Salaam, akiulizia bei ya stata. Ile ya zamani huachwa gereji kama chuma chakavu. Wiki moja baadaye mlio uleule hurudi.

Kurudi kwa tatizo hilo ni dalili kwamba stata iliyotupwa huenda haikuwa na kosa. Kifaa hicho hutumia umeme mwingi kuliko kingine chochote katika gari, kwa kawaida zaidi ya ampea 100 kwa injini ndogo ya petroli na zaidi ya hapo kwa injini ya dizeli, hivyo udhaifu wowote wa betri, nyaya au viungio vyake hujitokeza kwanza pale ufunguo unapozungushwa. Lawama huangukia stata kwa sababu ndiyo inayoshindwa kazi mbele ya macho ya watu.

Kabla ya kuwapo kwa kifaa hicho, injini ziliwashwa kwa kuzungusha hendeli kwa mkono, na hendeli iliporudi nyuma ghafla iliweza kumvunja mtu mkono. Mmarekani Charles Kettering ndiye aliyeongoza kazi ya kuunda stata ya umeme iliyofungwa katika magari ya Cadillac ya mwaka 1912. Hata neno bendeksi, ambalo mafundi hulitumia kila siku kwa kile kigia kidogo kinachoruka mbele na kung’ata meno ya flaiwili, linatokana na jina la mvumbuzi mwingine wa Marekani, Vincent Bendix, ingawa kifaa kinachotumika sasa hakifanani sana na kile alichokibuni yeye.

Utendaji wake si mgumu kuuelewa. Ufunguo unapozungushwa, waya mwembamba hupeleka umeme kidogo kwenye solenoidi, yaani ile silinda ndogo iliyobebwa mgongoni mwa stata. Solenoidi hufanya mambo mawili kwa wakati mmoja: husukuma bendeksi ikutane na flaiwili, na huunganisha vipande viwili vya shaba ili umeme mkubwa wa betri uingie kwenye mota. Injini ikishawaka, bendeksi hurudi nyuma.

Kipimo cha kwanza hakihitaji kifaa chochote. Taa kubwa za mbele huwashwa usiku au mbele ya ukuta, kisha mtu mmoja huzungusha ufunguo huku mwingine akitazama. Taa zikififia sana au kuzimika, betri imechoka, viungio vyake vimeoza, au stata imekwama na inavuta umeme kupita kiasi. Taa zikibaki na mwanga uleule na mlio mmoja ukasikika, umeme umefika kwenye solenoidi lakini haupiti kwenda kwenye mota. Taa zikibaki na mwanga na pasiwepo mlio wowote, kosa litafutwe kwenye fyuzi, reli, swichi ya ufunguo, waya mwembamba au solenoidi yenyewe. Kwa gari la otomatiki ni vyema kujaribu kwanza kuweka gia kwenye N badala ya P, kwani swichi ya gia ikichakaa huzuia umeme usiende kwenye stata.

Mwenye mita ya umeme atapata jibu la uhakika zaidi. Betri ya volti 12 iliyojaa na iliyopumzika husoma takriban volti 12.6, ikisoma 12.2 imebaki na nusu ya chaji. Stata inapozunguka, usomaji usishuke chini ya volti 9.6 hivi. Baada ya hapo mkono mmoja wa mita huwekwa kwenye kichwa cha hasi cha betri na mwingine kwenye bodi ya stata, kisha ufunguo huzungushwa. Usomaji ukizidi nusu volti, waya wa ethi una kasoro. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea bila sababu: boliti moja ya ethi iliyoshika kutu kwenye injini yaweza kumfanya mtu anunue betri na stata, vyote viwili, na gari lisiwake.

Iko tabia ya kuunganisha vichwa viwili vya solenoidi kwa bisibisi ili kuona kama stata itazunguka. Njia hiyo hukwepa swichi zote za usalama. Gari likiwa kwenye gia, huruka mbele na kumkanyaga aliye chini yake. Haifai kufanywa nyumbani.

Vipimo vikionesha kuwa kosa liko kwenye stata, kazi ya kuitoa huanzia kwenye betri. Waya wa hasi hufunguliwa kwanza, kwa kuwa waya mnene unaoingia kwenye stata huwa na umeme muda wote hata ufunguo ukiwa mfukoni. Spana ikiugusa waya huo na bodi kwa pamoja hutoa cheche zinazoweza kuyeyusha chuma. Ikibidi kuingia chini, gari likae juu ya stendi za chuma na magurudumu yazuiwe. Jeki peke yake isiaminiwe. Stata hupatikana pale injini inapoungana na gia boksi, ikishikwa na boliti mbili au tatu. Boliti ya mwisho isifunguliwe kabla ya kuishika stata kwa mkono, maana ina uzito wa kilo kadhaa.

Ikishatoka, isitupwe. Katika stata nyingi za Denso zilizomo kwenye magari ya Toyota, ule mlio mmoja husababishwa na vipande vya shaba vya ndani ya solenoidi vilivyoliwa upande mmoja. Vipande hivyo huuzwa peke yake, na kuvibadili ni kazi ya kufungua skrubu chache kwa bei ndogo sana ukilinganisha na stata nzima. Kaboni nazo huisha, na dalili yake ni stata inayoamka ikigongwa kidogo kwa nyundo. Kugonga huko kusizoeleke, kwa kuwa stata zenye sumaku za kudumu zinaweza kupasuka sumaku hizo. Bendeksi ifutwe kwa kitambaa kikavu. Kuiosha kwa petroli huondoa grisi iliyofungiwa ndani yake.

Iwapo ni lazima kununua nyingine, hasa iliyotumika, ilinganishwe na ya zamani kwa idadi ya meno, nafasi za boliti na volti, kwani malori mengi hutumia volti 24. Kabla ya kuifunga, meno ya flaiwili yatazamwe kupitia tundu lililobaki huku injini ikizungushwa kwa mkono. Meno yaliyolika sehemu moja yataiharibu stata mpya kama yalivyoiharibu ya zamani. Mahali inapokaa pasuguliwe hadi chuma king’ae, kwa sababu ethi ya stata hupitia hapo. Waya wa hasi wa betri hurudishwa mwisho.

Matunzo yake ni machache. Ufunguo usishikiliwe zaidi ya sekunde kumi kwa mara moja, na stata ipumzishwe dakika moja kabla ya kurudia. Vichwa vya betri visafishwe na kukazwa. Oili inayovuja kutoka kwenye gasketi ya kifuniko cha valvu izibwe mapema, maana mara nyingi hudondokea kwenye stata na kulowesha kaboni. Gari lililopita kwenye maji ya mafuriko, kama yale ya Jangwani nyakati za masika, likaguliwe stata hata kama bado linawaka, kwani kutu ya ndani huchukua wiki kadhaa kujitokeza.

Si kila gari linafaa kwa kazi hii nyumbani. Katika injini ya Toyota ya V8 aina ya 1UZ, iliyofungwa kwenye Lexus LS 400, stata imefichwa chini ya mfumo wa kuingizia hewa, juu kabisa katikati ya injini. Kuifikia ni kazi ya saa nyingi, na ndiyo maana mafundi wazoefu hubadili kaboni na shaba za solenoidi kwa pamoja pindi wanapoifungua.