Udongo wa mfinyanzi wa nyanda za volkeno Marsabit: Tabia zake na yanayompasa mwananchi kuyajua

Msafiri anayetoka mjini Marsabit kuelekea Moyale huteremka kutoka mlima wenye msitu na kuingia katika tambarare ya Dida Galgalu, jangwa lililotandazwa mawe meusi hadi upeo wa macho. Wakati wa kiangazi, eneo hilo huonekana gumu kiasi kwamba gari lingeweza kupita popote. Mvua ikinyesha kwa saa chache tu, sehemu nyingi za tambarare hiyo hugeuka tope linalonasa magurudumu, kuteleza miguu ya ngamia na kufunga njia za wenyeji. Siri ya mabadiliko hayo imo chini ya mawe, katika udongo wa mfinyanzi uliotokana na miamba ya volkeno.

Kaunti ya Marsabit ina ukubwa wa takriban kilomita mraba 70,000, na katika Sensa ya mwaka 2019 ilihesabiwa kuwa na watu 459,785. Kwa wakazi hao, wakiwemo Wagabra, Warendille, Waborana na Wasamburu, tabia ya udongo huamua mambo mazito: mgonjwa kufikishwa hospitalini, mifugo kufika sokoni, nyumba kusimama bila kupasuka na maji ya mvua kudumu hadi kiangazi.

Asili yake

Mlima Marsabit ni volkeno pana iliyojengwa kwa lava iliyotiririka mara nyingi katika nyakati za kale. Mwamba uliotokana na lava hiyo ni basalti, mwamba mweusi wenye wingi wa chuma, magnesiamu na kalsiamu. Jua, maji na hewa huulainisha mwamba huo polepole kwa maelfu ya miaka hadi ukawa udongo.

Aina ya udongo unaozaliwa hutegemea pia kiasi cha mvua. Katika nyanda za juu za kati nchini, kama vile Kiambu na Murang'a, mvua nyingi huosha magnesiamu, kalsiamu na sehemu kubwa ya silika kutoka katika miamba ya volkeno. Kinachobaki ni udongo mwekundu wenye kina kirefu, usiovimba sana, ambao ndio unaostawisha chai na kahawa. Katika nyanda za chini za Marsabit, ambako sehemu nyingi hupata chini ya milimita 300 za mvua kwa mwaka, hakuna maji ya kutosha kuosha madini hayo. Hubaki papo hapo na kuungana upya kuwa madini ya mfinyanzi yaitwayo smektaiti. Hivyo, miamba inayofanana huzaa udongo wenye tabia mbili zilizo mbali kabisa.

Si tambarare yote iliyo na udongo wa namna moja. Kwenye miinuko, udongo huwa wa kahawia au mwekundu uliokolea, wenye kina kifupi na mawe mengi. Katika mabonde na sehemu za chini ambako maji hutuama, huwa mzito, wa kijivu au mweusi, ule ambao Wakenya wengi huuita udongo mweusi wa pamba. Udongo wa jamii hiyo hupatikana pia katika mashamba ya mpunga ya Mwea na katika sehemu za mashariki na kusini mwa Nairobi.

Kwa nini huvimba na kupasuka

Chembe ya smektaiti imeundwa kwa tabaka nyembamba zilizopangwa kama kurasa za kitabu, kila tabaka likiwa na unene wa takriban nanomita 1, yaani sehemu moja ya milioni moja ya milimita. Tabaka hizo hazikushikamana kwa nguvu. Maji yakifika, hupenya katikati yake na kuzisukuma mbali. Yakikauka, tabaka hurudiana. Gramu moja tu ya madini hayo ikitandazwa tabaka kwa tabaka huwa na uso wa takriban mita mraba 700 hadi 800, na sehemu kubwa ya uso huo hushika maji.

Kwa sababu hiyo udongo huvimba wakati wa mvua na kunywea wakati wa kiangazi. Unaponywea, hupasuka nyufa zenye upana wa sentimita kadhaa na kina kinachoweza kuzidi nusu mita. Vumbi na udongo wa juu hudondoka ndani ya nyufa hizo. Mvua inaporejea na udongo kuvimba, vilivyodondoka hukosa nafasi, na tabaka za chini husukumana na kusuguana hadi nyuso zake zikang'aa kama zilizopigwa msasa. Wanasayansi huuita udongo wa namna hii vertisoli, jina lililotokana na neno la Kilatini lenye maana ya kugeuza, kwa kuwa udongo huo hujigeuza wenyewe bila jembe.

Mwendo huo husaidia pia kueleza zulia la mawe la Dida Galgalu. Kila udongo unapovimba, jiwe huinuliwa kidogo. Unaponywea, chembe ndogo huanguka na kujaza nafasi iliyo chini yake. Vilevile, vumbi linalopeperushwa na upepo hunaswa kati ya mawe na kuzama, jambo ambalo watafiti walilithibitisha katika nyanda za lava za jangwa la Mojave nchini Marekani. Hatimaye mawe hubaki juu, na chini yake huwa mfinyanzi wenye mawe machache. Zulia hilo hukinga udongo dhidi ya upepo na maji ya kasi. Magari yanayoacha barabara na kuchora njia mpya jangwani huliharibu, na kovu lake hudumu miaka mingi.

Maji mengi, unyevu haba

Mvua ya kwanza baada ya kiangazi huingia kwa kasi kupitia nyufa. Muda si muda udongo huvimba, nyufa hujifunga, na maji yanayofuata hushindwa kupenya. Hutiririka juu ya ardhi na kukusanyika mabondeni, na ndiyo maana mafuriko ya ghafla hutokea hata mahali penye ukame. Pale ambapo udongo una sodiamu nyingi, chembe zake hutawanyika katika maji na kuziba vinyweleo vya ardhi, hali inayozidisha mtiririko huo.

Udongo huu hushika maji mengi, lakini huyashika kwa nguvu kiasi kwamba mizizi haiwezi kuyavuta yote. Mvua ndogo hulowesha sentimita chache za juu, kisha jua huyarudisha maji hewani kabla mimea haijafaidika. Katika mchanga, mvua iyo hiyo ingezama chini zaidi na kusalimika. Ndiyo sababu katika maeneo makame nyasi huchipuka haraka juu ya mfinyanzi na kukauka haraka, ilhali miti na vichaka hustawi zaidi kwenye mchanga na kandokando ya mikondo ya maji. Wafugaji wanalifahamu jambo hili tangu zamani: mvua inapoanza, huwaondoa ngamia katika tope na kuwapeleka kwenye ardhi ya mchanga au ya mwinuko, kwa kuwa mguu mpana na laini wa ngamia huteleza vibaya juu ya mfinyanzi uliolowa.

Tabia iyo hiyo ina neema yake. Silanga lililochimbwa katika mfinyanzi hupoteza maji kidogo sana kwa kupenya ardhini. Hasara kubwa hutokana na jua na mchangatope. Silanga likikauka, sakafu yake hupasuka, na maji ya mvua ya kwanza huweza kupotelea katika nyufa. Jamii inayoondoa tope na kushindilia sakafu kabla ya mvua ya Machi au ya Oktoba hujiongezea siku za maji.

Barabara na majengo

Kwa miaka mingi safari ya Marsabit hadi Moyale iliweza kuchukua siku kadhaa wakati wa mvua, malori yakiwa yamezama njiani. Barabara ya lami ya takriban kilomita 500 kutoka Isiolo hadi Moyale, iliyokamilishwa katika muongo wa 2010, imebadili hali hiyo. Juu ya udongo unaovimba, wahandisi huuondoa na kujaza changarawe au mawe, huinua tuta la barabara, au huuchanganya na chokaa ili kuupunguzia nguvu ya kuvimba. Hata hivyo, kingo za barabara hulowa na kukauka kuliko katikati, na nyufa ndefu huweza kuanzia hapo. Mitaro na kalvati zilizozibwa na takataka huharakisha uharibifu huo, hivyo usafi wake ni jambo linalomhusu kila anayeishi kando ya barabara.

Nyumba za asili za Wagabra na Warendille, zinazofumwa kwa fito, mikeka na ngozi na kubebwa na ngamia, hazipati taabu hii kwa kuwa ni nyepesi na hupinda bila kuvunjika. Nyumba ya mawe yenye msingi mfupi huinuliwa upande mmoja na kushuka upande mwingine, na kuta zake hupasuka kwa mshazari kuanzia pembe za milango na madirisha. Vyoo vya shimo visivyojengewa kuta za ndani navyo huweza kuporomoka.

Anayetaka kujenga anaweza kuanza kwa jaribio rahisi. Achukue udongo wa kina ambacho msingi utafikia, aukande kwa maji, aujaze katika kisanduku cha mbao chenye urefu wa sentimita 60 na upana na kimo cha sentimita 4, kisha aukaushe kabisa. Udongo ukinywea kidogo sana, hatari si kubwa. Ukijitenga na ncha za kisanduku kwa sentimita kadhaa, hiyo ni ishara ya kumwona mhandisi kabla ya kununua hata tofali moja. Jaribio hilo halichukui nafasi ya kipimo cha maabara.

Hatua zinazopunguza madhara zinajulikana: kuondoa udongo unaovimba na kushindilia changarawe mahali pake, kuweka msingi imara wenye vyuma, kuzungushia nyumba sakafu ya zege inayoinamia nje, kuelekeza maji ya paa katika tangi na kutopanda miti mikubwa karibu na kuta. Shabaha ya hatua hizo zote ni kuufanya unyevu chini ya jengo usibadilikebadilike.

Kwa ushauri wa ujenzi, mwananchi anaweza kuiendea idara ya kazi za umma ya kaunti yake. Kwa upande wa kilimo, maabara za Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo (KALRO) zilizoko Kabete hupima sampuli za udongo. Gharama ya kuupima udongo mapema ni ndogo ikilinganishwa na ile ya kuubomoa ukuta uliopasuka na kuujenga upya.