Bandari ya Kuondokea: San Juan na Matembezi ya Meli katika Bahari ya Karibi

Utangulizi

Fasihi ya bahari imeshughulikiwa kwa mapana katika Kiswahili. Wahakiki wametueleza habari za jahazi, nahodha na mabaharia, na jinsi pepo za kaskazi zilivyowaleta wageni nazo za kusi zikawarudisha makwao. Hata hivyo, ipo aina moja ya usafiri wa bahari ambayo lugha yetu haijaipa jina lililokubaliwa na wote: safari ambayo abiria hulipa nauli, akalala melini juma zima, akapitia bandari nne au tano, kisha akarejeshwa palepale alipopandia. Wapo wanaoiita utalii wa meli, na wengine huridhika kusema safari ya kitalii ya baharini. Makala haya yatatumia istilahi ya matembezi ya meli, kwa kuwa mtu aliyetoka kwenda matembezi hana mahali maalumu anapotakiwa kufika. Ametoka ili atembee, kisha arudi.

Makala yanakusudia kueleza namna matembezi hayo yanavyoendeshwa katika Bahari ya Karibi, ambako yamestawi kuliko kwingineko kote duniani. Aidha, tunadai kwamba kwa mtu wa fasihi na historia, sehemu yenye manufaa zaidi ya safari hiyo si vile visiwa vinavyopambwa katika matangazo ya biashara, bali ni siku moja au mbili anazozitumia katika bandari ya kuondokea kabla nanga haijang'olewa. Mfano wetu ni San Juan, mji mkuu wa Puerto Rico. Mwenzangu mmoja wa uzamili aliposikia mada hii aliniuliza iwapo nimepata mfadhili wa kunipeleka. Sijampata. Lakini swali lililo nyuma ya mzaha wake ni la haki, yaani mambo ya matajiri na meli zao yanatuhusu nini sisi? Jibu lake litajitokeza tutakapofika katika habari za watoro wa San Juan.

Namna matembezi yanavyoendeshwa

Zamani meli kubwa za abiria zilikuwa chombo cha kuvukia bahari. Ndege za masafa marefu zilipowanyakua abiria hao, wenye meli walilazimika kutafuta kazi nyingine. Mnamo Desemba 1966 meli iitwayo Sunward ilianza kuondoka Miami, Florida, ikiwachukua watu waliotaka kustarehe tu, na wengi huihesabu safari hiyo kuwa mwanzo wa biashara hii kama tuijuavyo leo. Tangu hapo ukubwa wa meli umekuwa wa kustaajabisha. Icon of the Seas, iliyoanza kazi Miami mnamo Januari 2024, inaweza kubeba abiria wapatao 7,600 vitanda vyote vikijaa, mbali na wafanyakazi. Huo ni mji unaoelea. Nyingi za meli hizi husajiliwa Bahama au Panama, ingawa makao ya kampuni zenyewe yako Marekani, na sababu zake ni za kodi na za sheria za kazi. Wanaotandika vitanda na kupika hutoka katika mataifa mengi ya mbali na hufanya kazi kwa mikataba ya miezi kadhaa mfululizo.

Utaratibu wa kila siku ni huu. Meli husafiri usiku abiria wakiwa wamelala, ikatia nanga au kufunga gatini asubuhi, kisha ikang'oa tena jioni. Kwa hivyo kisiwa kizima, pamoja na karne zake nne au tano za historia, hupewa saa nane hivi. Katika saa hizo abiria wengi hupakiwa katika mabasi ya ziara zilizouzwa ndani ya meli yenyewe, au huishia katika maduka yaliyo hatua chache kutoka gatini. Wahenga walituambia kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu apewe jembe. Mgeni huyu hamalizi hata siku moja, na mwenyeji hapati wasaa wa kumtambua, seuze kumpa jembe.

Wenyeji wa visiwa hivyo hawakulinyamazia jambo hili. Jamaica Kincaid, mzaliwa wa Antigua, alichapisha mwaka 1988 kitabu kifupi chenye hasira, A Small Place, ambamo humsemesha mtalii moja kwa moja katika nafsi ya pili. Derek Walcott wa St Lucia naye aligusia utalii katika mhadhara wake wa kupokea Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 1992. Mwanafunzi wa fasihi linganishi atapata mengi katika kazi hizo mbili akizisoma pamoja.

Kwa nini San Juan

Bandari za Florida ndizo zenye meli nyingi zaidi, lakini ziko mbali na visiwa vya mashariki. Meli itokayo Miami hutumia takriban siku mbili baharini kabla ya kuvifikia. San Juan iko katikati ya msururu wa visiwa, na meli iondokayo hapo jioni huweza kuwa St Thomas asubuhi yake, kisha ikafululiza hadi St Kitts, Antigua, St Lucia na Barbados katika juma moja. Zaidi ya hayo, gati za upande wa kaskazini wa bandari zimegusana na mji wa kale. Abiria aliyelala mjini anaweza kuyaona yote kwa miguu.

Ushauri wa kufika siku moja au mbili mapema una sababu nyingine isiyo ya kifasihi hata kidogo. Meli haingoji. Milango hufungwa yapata saa moja au zaidi kabla ya saa ya kuondoka, na ndege iliyochelewa si udhuru. Aliyeachwa hulazimika kuifuata meli kisiwa kinachofuata kwa gharama yake mwenyewe. Msafiri mwenye pasipoti ya Kenya akumbuke pia kwamba Puerto Rico ni milki ya Marekani tangu mwaka 1898. Atahitaji viza ya Marekani, tena inayomruhusu kuingia zaidi ya mara moja, kwa kuwa meli itatoka katika milki hiyo na kurudi. Kila kisiwa kina masharti yake, na ni bora kuyachunguza moja moja kabla ya kulipa nauli. Msimu wa vimbunga nao huanza Juni hadi Novemba. Kimbunga Maria kilipiga Puerto Rico tarehe 20 Septemba 2017 na kuua maelfu ya watu.

Siku ya kwanza: ndani ya kuta

Mji wa kale wa San Juan ulihamishiwa kwenye kisiwa chake kidogo mwaka 1521, na eneo la ngome zake liliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1983. Barabara zake zimetandazwa matofali yenye rangi ya samawati, yaliyotengenezwa kwa mabaki ya tanuri za chuma. Husimuliwa kwamba yaliletwa yakiwa farumi, yaani ule uzito uwekwao chini ya chombo kitupu kisipinduke. Inafurahisha kwamba neno hili la mabaharia wetu, ambalo wanafunzi wengi hulikuta kamusini tu, linapata kazi katika mji ulio ng'ambo ya Atlantiki.

Kituo cha kwanza ni ngome ya El Morro, iliyoanza kujengwa mwaka 1539 kwenye rasi ya kuingilia bandari. Ina ngazi sita kuanzia usawa wa maji hadi juu, na mawimbi huipiga pande mbili. Mkenya atakayesimama pale atahisi kwamba amepaona mahali hapo kabla, wala hatakuwa amekosea. Kuanzia mwaka 1580 mfalme wa Uhispania, Philip wa Pili, alitawala Ureno pia. Mnamo mwaka 1589 alikuwa ameshamtuma mhandisi Mwitalia, Battista Antonelli, kupanga upya ulinzi wa bandari za Karibi, El Morro ikiwamo. Miaka michache baadaye, kati ya 1593 na 1596, Wareno waliokuwa chini ya mfalme huyohuyo walijenga Ngome ya Yesu mjini Mombasa kwa ramani ya Mwitalia mwingine, Giovanni Battista Cairati. Ngome hizo mbili ni watoto wa baba mmoja. Tumezoea kuisoma Ngome ya Yesu kama sura ya historia ya Bahari ya Hindi peke yake, na nadhani tumeipunguza.

El Morro ilimshinda Mwingereza Francis Drake mwaka 1595, ikatekwa na Waingereza wengine mwaka 1598 walioingia kwa upande wa nchi kavu, na hao wakafukuzwa na maradhi ya kuhara baada ya majuma machache. Waholanzi waliuchoma mji mwaka 1625. Ndipo ikajengwa San Cristóbal upande wa bara, iliyokamilika mwaka 1783 ikiwa ngome kubwa kuliko zote zilizojengwa na Wahispania katika mabara ya Amerika. Kuna kibanda kimoja cha askari wa zamu, kilichojitenga juu ya mwamba, ambacho watu hukiita kibanda cha shetani. Ngano yasema kwamba askari mmoja alitoweka humo usiku, zikabaki nguo na silaha zake; ngano nyingine, yenye ucheshi zaidi, yasema alikuwa ametoroka na mchumba wake.

Makaburi ya Santa María Magdalena de Pazzis yako nje ya ukuta, yakikabili bahari, na amezikwa humo Pedro Albizu Campos, kiongozi wa harakati za uhuru wa Puerto Rico. Karibu na hapo, nje ya ukuta vilevile, kuna mtaa wa La Perla, ulioanzia kwenye machinjio na makazi ya watu waliokatazwa kuishi ndani. Ngome, kwa hakika, ilimlinda nani dhidi ya nani? Swali hilo hutupeleka nje ya mji wa kale.

Siku ya pili: njia ya watoro

Kwa upande wa mashariki, mwendo mfupi wa basi, uko mtaa wa Santurce. Jina lake la awali ni San Mateo de Cangrejos. Cangrejos ni kaa. Mnamo mwaka 1664 utawala wa Uhispania uliamuru kwamba Waafrika waliotoroka utumwa katika visiwa vya mataifa mengine na kufika Puerto Rico wapewe uhuru, kwa sharti la kubatizwa Ukatoliki na kumtii mfalme. Amri hiyo haikutokana na huruma. Uhispania iliendelea kuwatumikisha watumwa wake yenyewe katika kisiwa hichohicho hadi tarehe 22 Machi 1873. Lengo lilikuwa kuwakomoa maadui na kupata watu wa kulinda mji. Hata hivyo watu walikuja. Walitoka St Croix, St Thomas na visiwa vya jirani, wakivuka usiku kwa mitumbwi na mashua za wizi. Katika karne ya 18 wengi wao walipewa ardhi huko Cangrejos, na Waingereza walipoushambulia mji mwaka 1797, askari weusi wa Cangrejos walikuwa miongoni mwa walioulinda.

Msomaji wa pwani azingatie jambo moja la kibaharia. Kwetu upepo hugeuka: ukipelekwa na kaskazi utarudishwa na kusi. Pepo za Karibi huvuma kutoka mashariki takriban mwaka mzima. Mtoro aliyetoka St Croix alisukumwa na upepo kuelekea magharibi, na hakukuwa na msimu wa kumrudisha. Matembezi ya meli za leo huanza kwa kuifuata njia hiyohiyo kinyumenyume: abiria huondoka San Juan jioni akielekea mashariki, kule walikokimbia wale. Vijitabu vya safari nilivyovisoma huanzia kwenye fukwe na havitaji mitumbwi hiyo.

Mwenye nafasi asonge mbele hadi Loíza, yapata kilomita 30 kutoka mjini, mojawapo ya vituo vikuu vya utamaduni wa Kiafrika kisiwani. Hapo ataikuta ngoma iitwayo bomba (neno ambalo kwetu hupitisha maji tu). Tofauti na ngoma nyingi, mchezaji ndiye anayeongoza; mpigaji wa ngoma kuu humtazama na kulijibu kila tendo la mwili wake kwa kipigo. Wenzetu wanaochunguza majibizano katika fasihi simulizi wana uwanja hapa.

Jioni ya kuondoka

Siku ya kupanda meli haina mengi. Mizigo hukabidhiwa wachukuzi ikiwa na vibandiko vya namba za vyumba, pasipoti hukaguliwa, na kila abiria hufanya zoezi la usalama kabla ya kuondoka au mara tu meli inapoondoka, kanuni iliyokazwa baada ya ajali ya Costa Concordia ya mwaka 2012.

Meli inapotoka bandarini hupita chini kabisa ya El Morro. Abiria wengi huwa juu sitahani na kamera zao, na ngome huonekana vizuri kuliko wakati mwingine wowote. Wakati huo aliyetembea San Juan kwa siku mbili atafanya vyema kuiacha ngome nyuma na kwenda omoni, akaangalie upande wa mashariki kungali na nuru. Asubuhi ataamka Charlotte Amalie, St Thomas, mji uliotawaliwa na Denmaki hadi visiwa hivyo vilipouzwa kwa Marekani mwaka 1917 kwa dola milioni 25. Wengine watashuka kununua vito na saa zisizotozwa ushuru. Yeye ataanza kwa kutafuta ufuo ambao mtumbwi ungeweza kuondokea usiku bila kuonekana na walinzi.