Je, Wajua? Kisangani na Mtutu wa Serikali

Je, wajua kwamba risasi za Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, ndizo zilizomfanyia Patrice Lumumba kampeni? Tarehe 30 Oktoba 1959, mara tu baada ya mkutano wa chama chake cha MNC mjini humo, Force Publique ya wakoloni Wabelgiji iliwafyatulia watu risasi na zaidi ya 20 wakafa. Tarehe 1 Novemba Lumumba akakamatwa. Uchaguzi wa manispaa ukafika Desemba yeye akiwa gerezani, na MNC ikazoa karibu kura zote za mji.

Je, wajua kwamba hiyo Force Publique ilikuwa jeshi na polisi kwa pamoja? Aliyelinda mpaka ndiye aliyesukuma watu kwenye kazi za kulazimishwa, mkononi ana kiboko cha ngozi.

Hata baada ya uhuru, mwaka 1972, Rais Mobutu aliivunja polisi akaimeza ndani ya jandarmeri, kikosi cha kijeshi.

Je, wajua kwamba Polisi ya Taifa ya leo, PNC, iliundwa kwa amri iliyotiwa saini Kinshasa Januari 2002, wakati Kisangani iko mikononi mwa waasi wa RCD-Goma, walioungwa mkono na Rwanda, na haisikii la Kinshasa? Miezi minne baadaye, alfajiri ya 14 Mei, askari walioasi waliiteka redio na kuwaita wananchi wawafukuze Wanyarwanda. Uasi haukudumu hata asubuhi nzima. RCD ilirudisha redio, ikaleta makamanda kutoka Goma kwa ndege, ikaingia komini ya Mangobo ikiua na kupora. Usiku ikawa zamu ya daraja la Tshopo, lile lile ambalo kila siku toleka, teksi za baiskeli, hupita na abiria na magunia. Wanajeshi na polisi walioshukiwa uasi walichinjwa au kupigwa risasi, wakatupwa mtoni, wengine ndani ya mifuko yenye mawe. Mawe hayakutosha: siku zilizofuata miili iliibuka. Ndiyo, polisi, sare haikuwakinga. Umoja wa Mataifa ulihesabu waliouawa kuwa zaidi ya 160, na Human Rights Watch ikamtaja Laurent Nkunda miongoni mwa makamanda waliokuwepo.

Je, wajua kwamba mateso yalipata sheria yake ya adhabu Kongo tarehe 9 Julai 2011 tu? Mwaka mmoja kabla, Floribert Chebeya, mtetezi wa haki za binadamu, aliitwa makao makuu ya polisi Kinshasa akakutwa maiti. Dereva wake, Fidèle Bazana, naye aliuawa.

Je, wajua kwamba kasho, seli ya polisi, ina saa? Ibara ya 18 ya Katiba: saa 48, basi. Na aliyekamatwa aelezwe sababu papo hapo kwa lugha anayoielewa, maana yake Kisangani ni Kiswahili au Kilingala, si Kifaransa cha kumtisha mtu. Maandamano? Ibara ya 26 inadai taarifa ya maandishi. Taarifa, si ombi la ruhusa.

Ibara ya 28 inamruhusu polisi kukataa amri iliyo haramu waziwazi. Ningependa isomwe kwa sauti kwenye kila gwaride.

Je, wajua polisi akiua anahukumiwa wapi? Ibara ya 156: mahakama ya kijeshi. Mama wa Mangobo anayemdai mwanawe anapeleka mashtaka yake kwa oditora, mwendesha mashtaka wa jeshi, na anayempokea mlangoni naye amevaa sare.