Mbolea ya Kupandia: Bei ya Mfuko Si Gharama Yote

Mvua iko mlangoni na hela ni za kuhesabu. Ukifika duka la pembejeo, usilinganishe mfuko kwa mfuko. Gawanya bei kwa kilo za fosfeti zilizomo.

Chukua bei ya ruzuku iliyotangazwa Kenya mwaka 2023: shilingi 2,500 kwa mfuko wa kilo 50. DAP (18-46-0) ina kilo 23 za fosfeti, kwa hiyo kila kilo ni kama shilingi 109. NPK 17-17-17 ina kilo 8.5, kila kilo inafika 294. Kwa mahindi na maharage DAP ndiyo nafuu, isipokuwa kipimo cha udongo kionyeshe upungufu wa potashi.

Sasa gharama isiyoandikwa kwenye risiti. Mwamba wa fosfeti huja na kadimiamu, metali nzito yenye sumu. Tangu 2022 Umoja wa Ulaya unaruhusu miligramu 60 tu kwa kila kilo ya fosfeti. Kwa kikomo hicho, mfuko wa DAP unabeba kama gramu 1.4. Ni kidogo, lakini metali haiozi. Kila msimu inaongezeka.

Wanaoanza kuumia ni viumbe wa udongoni. Kadimiamu hujilimbikiza mwilini mwa nyungunyungu, na shaba ikizidi huzaana kwa shida. Huko Woburn, Uingereza, shamba lilitiliwa tope la maji taka lenye metali nzito kuanzia 1942 hadi 1961. Miaka ya 1980 bakteria waliobaki kwenye mizizi ya klova, mmea wa jamii ya kunde kama maharage, hawakuweza kunasa naitrojeni ya hewani. Kwa mkulima wa maharage, hasara kama hiyo huja kuzibwa kwa mfuko wa mbolea ya kukuzia.

DAP pia huongeza asidi, na udongo wenye asidi huachia kadimiamu kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo weka kando hela ya kupima udongo na, ikibidi, ya chokaa ya kilimo.

Mwamba wa fosfeti uliosagwa, kama unaochimbwa kaskazini mwa Tanzania, hufanya kazi polepole, tena hasa kwenye udongo wenye asidi. Usiutegemee kama unataka mavuno ya msimu huu. Metali zake hutegemea mwamba wenyewe, basi mwombe muuzaji cheti cha maabara.

Samadi ya kuku ina nguvu, lakini vyakula vya kuku huongezwa zinki na shaba. Usiitumie peke yake mwaka hadi mwaka. Ikiwa mbichi, unalipia na kusafirisha maji.

Mboji ya taka za mjini, hata ikiwa ya bure, iache kama haijapimwa: betri na rangi huacha risasi humo.

Samadi ya ng'ombe iliyoiva ndiyo chaguo la kwanza ikiwa ipo jirani. Ikitoka mbali, nauli itaimeza faida.

Maharage yakichanua, ng'oa mmea mmoja, upasue vinundu vya mizizi kwa ukucha. Wekundu ndani ni dalili njema. Vikiwa vya kijivu au kijani, peleka udongo maabara kabla ya kununua mbolea nyingine.

Mwenye hela kidogo achanganye: samadi ya jirani shambani kote, na DAP kiasi kwenye mashimo ya kupandia tu, ikitenganishwa na mbegu kwa udongo.